Injini ya Land Rover Nje ya Gari Lake

Watu wengi wanaomiliki gari kongwe, na wengi zaidi wanaolitamani, huijua injini kwa sauti yake tu, maana yenyewe hukaa chini ya boneti imezungukwa na mabati, mabomba, nyaya na vumbi la miaka, na mtu akiinama kuitazama huona kifuniko cha valvu na chujio la hewa, akainuka tena akiwa hana elimu zaidi ya ile aliyoinama nayo. Fundi naye, ambaye kazi yake ni kujua, hulazimika mara nyingi kuhukumu kitu asichokiona: husikia mlio na kukisia chanzo chake, huona tone la oili sakafuni na kukisia lilikotoka, na kama injini imefanyiwa matengenezo makubwa, ikarudishwa garini, kisha ikakataa kuwaka, hana njia ya kutambua upesi kama taksiri ni ya injini yenyewe, au ya nyaya za gari zilizooza, au ya tangi lenye kutu, au ya swichi iliyochakaa. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu wa magari ya zamani wameshika desturi ya kuiwasha injini kwanza ikiwa nje ya gari, juu ya stendi ya chuma, kwa nyaya chache zilizofungwa kwa kusudi hilo tu, ili ipimwe peke yake bila kubebeshwa makosa ya jirani zake.

Ili maelezo yasielee hewani nimeichagua injini moja ambayo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamepata kupandia nyuma yake, hata kama hawakujua jina lake: injini ya petroli ya Land Rover ya lita mbili na robo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa ni fikira ya Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, na miaka kumi baadaye, mwaka 1958, toleo la pili likatoka kiwandani Solihull, na muda si mrefu likapewa injini hii, yenye silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286 na nguvu za farasi 77 kwa hesabu ya kiwanda. Ilitengenezwa hata miaka ya 1980 bila ya kubadilishwa sana, isipokuwa krankishafti yake, iliyokuwa ikishikwa na beringi kuu tatu, ikapewa tano mwaka 1980. Ni injini nzito, ya chuma cha kalibu juu na chini, haina haraka wala haina madaha, na huko mabarani ilipopelekwa na serikali, mapolisi, wamisionari, madaktari na walinzi wa wanyama, ilisifiwa kwa jambo moja lililo kubwa kuliko kasi, nalo ni kwamba fundi mwenye spana chache na akili iliyotulia aliweza kuifufua porini. Mwezi Oktoba 2024, mjini Arusha, lilifanyika tamasha la Land Rover lililojaza barabara magari ya kila umri, na ni dhahiri kwamba magari hayo hayakufika pale kwa dua peke yake. Nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekesha na injini.

Stendi yenyewe haina mengi ya kuelezwa, lakini hayo machache ni ya hadhari. Iko stendi ya kufanyia kazi, ile ya nguzo moja, inayoshika injini kwa nyuma na kuiacha ielee ili fundi aweze kuigeuza juu chini anapofunga pistoni na beringi. Hiyo ni njema kwa kazi yake, na ni hatari kwa kuwashia, kwa kuwa injini inapowaka na kuongezwa mwendo hujipinda kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wake, na mtikisiko wake huilegeza nguzo hiyo. Stendi ya kuwashia sharti iishike injini mahali palepale iliposhikwa na gari, yaani kwa miguu yake miwili ya mbele na kwa nyumba ya flaiwili nyuma, iwe na kitako kipana, na magurudumu yake yafungwe yasitembee. Katika yadi za injini kuukuu huonekana pengine injini imekalishwa juu ya tairi, imefungwa betri na dumu la petroli, ikapigwa stata. Mteja husikia ikinguruma na kuridhika. Anayesimama karibu nayo anastahili kuombewa.

Juu ya stendi hiyo hufungwa rejeta na mipira yake, kwa maana injini isiyo na maji haivumilii dakika nyingi. Hufungwa ekzosi na sailensa, kwa ajili ya majirani na kwa ajili ya sikio la fundi mwenyewe, asije akazibwa na kelele asisikie yale aliyokuja kuyasikiliza. Na hutundikwa chombo kidogo cha petroli chenye bomba na chujio. Mintarafu ya chombo hicho, injini hii ina tabia moja ya kukumbukwa: kabureta yake na ekzosi yake ziko upande mmoja, kabureta juu na ekzosi chini, kwa hiyo tone la petroli linalovuja katika kiungo kibovu huangukia chuma chenye moto. Ndiyo sababu chombo huwekwa mbali kidogo, kikawa na bilula inayofungika kwa mkono mmoja, na mtungi wa kuzimia moto ukawa karibu na mtu, si karibu na injini.

Sasa tuje kwenye nyaya, ambako ndiko watu wengi huogopa. Umeme wa gari zima ni msitu: taa za mbele na nyuma, honi, vifuta maji, geji, viashirio, na kila kimoja kina waya wake na maungio yake, na baada ya miaka hamsini ya mafundi mbalimbali kukata na kuunga, hakuna aijuaye ramani yake. Walakini injini ya petroli ya zama hizo, ikivuliwa gari lake, haidai umeme ila kwa mambo mawili: kuzungushwa na kupewa cheche. Taa zote na honi zote ni za starehe na sheria za barabarani, injini haizihitaji. Kwa hiyo nyaya zinazotosha kuihuisha zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili, na mtu asiyepata kushika bisibisi anaweza kuzielewa kwa asubuhi moja.

Waya wa kwanza ni mnene, nao hutoka katika betri ya volti 12 kwenda kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku, na kutoka hapo kwenda kwenye stata. Unene huo una sababu yake: stata inapoizungusha injini huvuta ampea zaidi ya 100, na katika ule mpigo wa kwanza, flaiwili ikiwa bado imelala, huvuta zaidi ya hapo sana, na waya mwembamba ukipewa mzigo huo hugeuka kuwa jiko, ukala umeme wenyewe badala ya kuufikisha. Waya wa pili, mnene vilevile, ndio unaosahauliwa na walio wengi, nao ni wa kurudisha umeme kutoka kwenye mwili wa injini hadi kwenye betri. Garini kazi hiyo hufanywa na chasi pamoja na mkanda wa shaba unaoiunganisha na injini. Juu ya stendi hakuna chasi, na injini iliyotoka kutengenezwa aghalabu imepakwa rangi nzuri, na rangi haipitishi umeme. Sharti basi pakwanguliwe mpaka chuma king'ae, waya ukazwe kwa bolti pale karibu na stata, na wala usifungwe kwenye stendi kwa matumaini kwamba umeme utajitafutia njia. Stata ikilia tik-tik na isizunguke, mtu mwenye busara huutazama waya huu kabla ya kuilaumu betri.

Baada ya hizo mbili, zilizobaki ni nyembamba. Mmoja huchukua umeme wa betri, ukapita katika fyuzi, ukaingia katika swichi ya kuwashia. Kutoka swichi, waya mwingine huenda kwenye koili. Kutoka koili, mwingine huenda kwenye distributa, yaani kigawa cheche. Na kutoka kwenye kitufe cha kubonyeza, mwingine huenda kuiamuru solenoidi. Pamoja na hizo hufungwa waya wa taa ya oili, ambayo huwaka swichi inapofunguliwa na kuzimika shinikizo la oili linapopanda, ingawa mimi naona taa hiyo haitoshi, kwa kuwa husema ndiyo au siyo tu, na fundi anayejaribu injini mpya anahitaji geji inayosema ni kiasi gani. Dinamo inaweza kuachwa mahali pake bila ya waya wowote, kwa sababu mkanda unaoizungusha ndio huohuo unaozungusha feni na pampu ya maji, na dinamo isiyopewa umeme wa fildi huzunguka tu bila kutoa kitu cha maana. Betri iliyojaa yatosha kwa jaribio zima.

Vyombo vya umeme vya magari haya vilitengenezwa na kampuni ya Lucas ya Birmingham, na nyaya za Kiingereza za wakati huo zilifuata kanuni ya rangi ambayo ni faida kubwa kuijua: kahawia ni umeme utokao moja kwa moja katika betri, ulio hai usiku na mchana; nyeupe ni umeme uliopita swichi; kijani ni uliopita swichi na kisha fyuzi; nyeusi ni wa kurudi kwenye mwili wa gari. Hapana sheria inayomlazimisha mtu kufuata rangi hizi juu ya stendi yake, na wapo wafungao kila kitu kwa waya mwekundu uliobaki katika kazi ya nyumba, lakini huo ni uzembe ambao hulipwa siku swichi inapokataa kuzima na mtu akaanza kuuliza waya upi ni upi huku injini inavuma mbele yake. Jambo jingine la enzi hiyo ni kwamba Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi zilifungwa betri kinyume na tulivyozoea leo, upande wa chanya ukiwa ndio unaokwenda kwenye mwili wa gari. Katika injini peke yake hili halina madhara makubwa, stata itazunguka upande uleule. Bali koili lazima ifungwe kwa kufuata upande wa betri, ili cheche itoke katika ncha ya kati ya plagi, ambayo ni ya moto zaidi na huuachia umeme kwa wepesi. Koili ikifungwa kinyume injini itawaka, lakini cheche yake itadai nguvu zaidi, na udhaifu huo hujificha mpaka asubuhi ya baridi au mlima mkali.

Inafaa tusimame kidogo hapa kwenye koili, maana humo ndimo ilimo hikima yote ya mfumo huu, uliobuniwa na Mmarekani Charles Kettering na kutumiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910, mtu yuleyule aliyeyapa magari hayo stata ya umeme katika toleo la mwaka 1912 na kuwapumzisha madereva na mpini wa kuzungushia injini. Volti 12 haziwezi kuruka hata nafasi ndogo iliyomo katika plagi, seuze kuiruka ndani ya silinda yenye hewa iliyoshindiliwa. Ndani ya koili zimezungushwa nyaya mbili juu ya kiini cha chuma: moja nene kidogo yenye mizunguko michache, na nyingine nyembamba kama unywele yenye mizunguko maelfu mengi. Umeme wa betri, kiasi cha ampea 4, hupita katika ile ya kwanza na kukifanya kiini kuwa sumaku. Kisha, kwa ghafula, njia yake hukatwa, sumaku ile huanguka, na katika kuanguka kwake huzaa ndani ya waya mwembamba msukumo wa volti maelfu, hata 20,000 na zaidi. Cheche haizaliwi umeme unapofunguliwa, huzaliwa unapokatwa, na asiyelijua hili hawezi kuielewa distributa.

Kazi ya kukata ni ya kontakti, yaani vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa, vikisukumwa na kemu yenye pembe nne. Katika injini ya silinda nne kila mzunguko mmoja wa krankishafti hudai cheche mbili, kwa hiyo injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kontakti hufunguka na kufungika mara 100 katika kila sekunde moja, na kila mara sharti zikate kwa usafi. Ndiyo sababu pana kondensa pembeni yake, kidude kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole, ambacho huupokea umeme unaotaka kuruka kati ya kontakti zinapoachana. Kikifa, kontakti hutoa vimulimuli na kuungua, na cheche ya plagi hugeuka kuwa ya manjano na hafifu. Nafasi ya kontakti, zikiwa zimefunguka kabisa, ni inchi 0.014 hadi 0.016, nayo hupimwa kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma, kibamba kikipita kwa kugusa pande mbili bila kubana.

Nakumbuka uani mwa gereji moja, injini ya namna hii ikiwa tayari juu ya stendi, kijana aliyeifunga nyaya akapiga stata mara mbili tatu, akachomoa waya wa koili, akausogeza karibu na chuma, akaona hakuna kitu. Akasema kwa masikitiko, "Mzee, koili imekufa." Mzee aliyekuwa ameketi juu ya kreti hakuinuka. Akajibu, "Haijafa, mwanangu. Lete kitambaa safi na petroli kidogo." Kijana alifungua kifuniko cha distributa, akalowesha kitambaa, akakipitisha kati ya kontakti ambazo alikuwa amezitoa dukani siku ileile, zikiwa bado na ule utando wa mafuta ambao kiwanda huzipaka zisishike kutu, akarudisha kifuniko, akapiga tena, na cheche ya samawati ikaruka ikilia kama ukuti unaovunjwa. Mzee akaongeza tu, "Kitu kipya hakimaanishi kitu safi," akarudi kwenye chai yake.

Iliyobaki ni kuijulisha injini wakati wa cheche. Huzungushwa kwa mkono mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu katika pigo la kushindilia, ambalo hutambulikana kwa kuwa valvu zake zote mbili zimefungwa ilhali za silinda ya nne zinabadilishana, moja ikifunga na nyingine ikianza kufungua. Kisha alama ya pulii huletwa mahali panapotajwa na kitabu cha kiwanda kwa aina ya petroli itumikayo. Hapo taa ndogo ya volti 12 huunganishwa kati ya waya uendao distributa na mwili wa injini, swichi hufunguliwa, na distributa huzungushwa polepole mpaka taa iwake: dakika ile kontakti zimeachana, na hapo ndipo distributa hukazwa. Nyaya za plagi hufuata mpangilio wa 1, 3, 4, 2 kwa upande unaozungukia rota ya distributa. Kosa la kubadilishana mbili kati ya hizo ni la kawaida sana, na dalili yake ni kwamba injini hupiga chafya katika kabureta, hutikisa stendi, na haishiki mwendo.

Kabla ya petroli huja oili. Injini iliyokaa muda mrefu, au iliyotoka kufungwa upya, haina oili katika njia zake, na beringi zake zinategemea kile kidogo alichopaka fundi. Fundi mzuri huwa pia ameyajaza meno ya pampu mafuta ya mgando wakati wa kuifunga, ili ipate kuvuta mara moja. Humiminwa oili kiasi cha lita 6 na zaidi kidogo, plagi zote nne hutolewa ili pistoni zisishindilie hewa, na injini huzungushwa bila kuwashwa, macho yakiwa kwenye geji. Land Rover hizi zina bahati ya kuwa na mpini wa mbele, hivyo kazi ya mwanzo yaweza kufanywa kwa mkono bila kuichosha stata, na mtu huhisi kwa viganja vyake kama pana kitu kinachokwaruza. Atakapozungusha na plagi zikiwa ndani, na aweke kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asiukumbatie mpini. Injini ikirudisha nyuma kwa cheche ya mapema, gumba lililokumbatia huvunjika. Sindano ya geji isipopanda baada ya kuzungushwa vya kutosha, hapana kuwasha. Hakuna taarifa mbaya zaidi kuliko hiyo, wala iliyo rahisi zaidi kuipuuza.

Liko neno la mwisho la tahadhari. Garini kabureta hurudishwa na springi iliyo kwenye mtambo wa pedali. Mtambo ule haupo juu ya stendi, na kama springi haikufungwa kwa makusudi, kipepeo cha kabureta chaweza kubaki wazi na injini ikapaa kwa mwendo wa kutisha katika sekunde yake ya kwanza ya uhai. Swichi ya kuzimia iwekwe pale mtu anaposimama, asilazimike kupitisha mkono juu ya feni, na mtu yeyote asisimame ubavuni sawia na mapanga ya feni hiyo. Tena kazi hii ifanywe uani, chini ya mbingu. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, na banda lililofungwa milango kwa kuogopa kelele limewaua mafundi katika nchi nyingi.

Inapowaka, husikika kwanza kelele za tapeti, kisha oili ikifika juu hutulia. Moshi wa dakika za mwanzo usimtishe mtu, kwa kuwa ni mafuta ya kufungia yanayoungua. Moshi wa samawati usiokoma ndio wa oili inayopita ringi au miongozo ya valvu, mweupe usiokoma ni wa maji yanayovuja silindani, na mweusi ni wa petroli nyingi kupita kiasi. Injini nyingi za Marekani za zamani, ambazo tapeti zake ni bapa, hudai ziwekwe mara moja kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika kama ishirini, ili kemshafti na tapeti zizoeane. Hii ya Land Rover, kwa kuwa tapeti zake zina rola, imesamehewa ibada hiyo, na inatosha kuipa mwendo wa wastani, ukipandishwa na kushushwa, bila kuiacha iungurume chini muda mrefu wakati ringi ni mpya. Mkono huwekwa kwenye mpira wa juu wa rejeta kungojea joto lije kwa ghafula, ishara kwamba kidhibiti joto kimefunguka. Jicho hupita chini ya kila gasketi kutafuta unyevu. Na sikio, kwa bisibisi ndefu iliyoegemezwa kwenye chuma, husikiliza kila beringi kwa zamu. Garini mengi ya hayo ni magumu.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya Kiingereza havikumwandikia fundi wa bara. Geji ya vakyumu, inayofungwa kwenye manifoldi kupima jinsi injini inavyovuta, husomeka katika injini yenye afya kama inchi 17 hadi 21 za zebaki ikiwa mwendo wa chini, na kitabu huishia hapo, kwa kuwa kiliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Lakini hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na geji hupungua nayo kwa takriban inchi moja katika kila futi 1,000. Hivyo injini ambayo Mombasa au Tanga ingesoma 19, ikipandishwa Nairobi, penye zaidi ya futi 5,000, itasoma 14 bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Kadhalika na geji ya kompresheni. Yamkini valvu nyingi zimesagwa bure katika miji ya milimani kwa sababu ya hesabu hii ndogo isiyofanywa. Kinachostahili kutazamwa ni ulinganifu: silinda nne zenye kipimo kinachokaribiana ni injini nzima, hata kama kipimo chenyewe ni cha chini kidogo, tatu zilizo sawa na moja iliyoanguka ni injini yenye kidonda.

Ikishapoa, kifuniko cha valvu hufunguliwa, bolti za silinda hedi hukazwa tena kwa kipimo cha kitabu, na nafasi za valvu hurudiwa kupimwa, inchi 0.010 kwa zote nane. Oili ya jaribio humwagwa pamoja na chujio lake, ikapitishwa katika kitambaa cheupe ili ionekane kama kuna unga wa chuma. Ndipo injini inapokuwa na haki ya kurudi garini.

Na wewe msomaji unayekwenda Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi kutafuta injini ya zamani, usitoe fedha zako kwa rangi mpya na neno la muuzaji. Mwombe aifunge mahali imara, aiwekee geji ya oili, aiwashe mbele yako. Na kabla hajagusa kitufe, weka kiganja chako kwenye bloku. Ikiwa ina uvuguvugu, rudi kesho asubuhi na mapema, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha ubovu wake mwingi.